Simu ya Upande wa Nne

4 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepunguza makali, na kwamba shemeji na watoto hawajambo. Mimi mzima, mzima wa kuudhi watu. Leo natimiza wiki ya tano ya ndoa, na bado nikiamka namtazama huyu mwanaume aliyelala mdomo wazi, najiuliza nani kasahau zawadi yake kitandani kwangu. Usinicheke. Najua unacheka.

Ungekuwa mtu wa simu tungemaliza haya yote kwa dakika kumi, lakini simu wewe hushiki. Tangu nikiwa shule ya bweni ni barua tu, na sasa wenzangu wakinikuta na kalamu wanadhani naandikia mahakama.

Basi nikupe habari. Fundi wangu, ndivyo ninavyomwita mume siku hizi, amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Unamkumbuka yule rapa, Kokoto, mwenye sauti kama mtu anayetafuna mawe? Kampuni ya muziki inaitoa upya albamu yake ya pili, Chumba cha Pili, ile iliyofuata Nyumba ya Kupanga, kwa kuwa imetimiza miaka ishirini na tano. Na inatoka kwenye santuri, zile sahani nyeusi za zamani. Zimerudi, dada, watu wanazigombea. Zitakuwa mbili ndani ya jalada moja, kwa hiyo pande nne. Fundi wangu ndiye atakayesafisha kanda zilizorekodiwa wakati ule, kisha akate sahani mama, ambazo kiwanda kitazitumia kuchapa nyingine zote. Ananiruhusu nikae naye chumba cha kazi. Sikio lake la kushoto linavuma tangu utotoni, kwa hiyo mikwaruzo midogo naisikia mimi. Nimeolewa nikageuzwa sikio la mtu, na sijawahi kuwa na furaha hivi.

Wewe ulikuwa mkubwa albamu ile ilipotoka. Mimi nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka tu baadaye, nilipokuja kuishi kwako, kwamba ulikuwa ukizima redio kila Kokoto akianza. Nilidhani ni kwa sababu ya matusi. Niambie ilikuwaje. Nakala ya kwanza nitakuletea wewe.

Mdogo wako, mke wa mtu

19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika na watoto wamegombania stempu. Mgongo ni uleule, tumeshazoeana. Hospitalini wagonjwa wamezidi. Nakaa dirisha la mapokezi kuanzia asubuhi naita majina kwenye kipaza sauti mpaka koo linakauka. Shemeji yako ameletewa sare za shule mbili azishone, hana nafasi hata ya kunigombeza.

Ukifurahi nafurahi. Mumeo nilimpenda siku ile ya kwanza alipokula kimya, kisha akaosha sahani yake na ya mwenzake.

Kuhusu hiyo kazi, nina ombi. Kama anaweza kuiacha, aiache. Mafundi wengine wapo. Kama haiwezekani, usiniandikie habari zake, na hiyo nakala usiniletee. Na usinichoshe kwa kuuliza kwa nini.

Dada yako

2 Aprili

Dada mkali,

Shikamoo. Sisi wazima, na nyumba imejaa maua kwa sababu kuna mtu aliniona nikiyaangalia kwenye duka akarudi kuyanunua yote. Poleni na sare.

Barua yako nilimsomea Fundi wangu akasema, "Dada yako hapendi rap, mwache." Nikamwambia dada yangu hapendi kitu chochote chenye spika, isipokuwa kile cha kazini kwake. Nisamehe. Umenikataza kuandika haya, lakini hili nikilimeza litanikaba.

Kanda zilikuwa zinanata kwa uzee. Ukizichezesha hivyohivyo zinachubuka, na sauti inachubuka nazo. Dawa yake ni kuzipasha joto polepole siku nzima. Fundi wangu akaazima mashine ya kutotolea vifaranga kwa jirani yetu mfuga kuku, akaichokonoa ipande joto zaidi, akazilaza kanda humo ndani. Jirani kila akipita dirishani anauliza zimeanguliwa ngapi.

Zikapona zote. Sasa sikiliza. Baada ya wimbo wa tisa kuna ile sehemu inayoitwa Simu. Kwenye kaseti ya zamani ilikuwa dakika moja na nusu tu: mwanamke anaongea kwenye simu huku analia, halafu ngoma inaingia juu yake. Kwenye kanda ipo yote. Dakika saba, dada. Sauti ni ya kukwaruza, simu yenyewe mbovu, lakini kila neno linasikika. Anasema, "Amepoa. Nimemfunika mablanketi mawili na bado hapati joto. Njoo umguse wewe, labda ni mikono yangu ndiyo ya baridi." Halafu anahesabu vidole vya mtoto. Anafika kumi, anaanza tena.

Kokoto mwenyewe alikuja kusikiliza. Amenenepa, anatembelea fimbo. Alikaa mpaka mwisho, akatoa leso. Akasema safari hii dakika zote saba zitawekwa, na ndizo zitakazofungua upande wa nne. Nikamuuliza yule mwigizaji ni nani, maana sijasikia mtu anayeigiza hivyo. Aliikunja leso yake. "Ni mtu tu niliyemjua," akasema.

Fundi wangu alinishika mkono chini ya meza dakika zote saba. Nikawaza, tukijaliwa wa kwetu, sitamweka chini hata kidogo.

Mdogo wako

15 Aprili

Mdogo wangu,

Leo sina salamu.

Yule si mwigizaji. Ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa naishi na Kokoto kwenye chumba kimoja. Albamu ya kwanza ilikuwa imempa jina, akawa haonekani nyumbani, yuko studio anarekodi ya pili. Tulikuwa na mtoto wa kiume wa miezi mitano. Wewe ulikuwa kwa mama na hukuwahi kumwona. Mama alifariki bila kukuambia kwa sababu mimi ndiye niliyemwomba.

Aliugua homa siku mbili. Alikufa saa nane mchana. Nilitoka naye begani hadi dukani kwenye simu, nikapiga studio. Hakuna aliyepokea. Simu yao ilikuwa na mashine ya kunasa ujumbe, ikalia, nikaanza kuongea. Sikujua ni mashine. Nilidhani upande wa pili kuna mtu amenyamaza ananisikiliza.

Kokoto alikuja mazishini, akalia, akarudi studio. Baada ya miezi saba nilikwenda kununua sabuni, nikajisikia kwenye redio ya muuzaji. Kisha ngoma ikaingia. Muuzaji alikuwa anatikisa kichwa kufuata mdundo huku akinihesabia chenji. Tangu siku hiyo simu sishiki. Sasa unajua.

Kaseti zilichakaa zikaisha. Watu wakasahau, nami nikaolewa. Shemeji yako anajua kulikuwa na mwanaume kabla yake. Hajui ni nani, na hajui kwamba nilizaa. Nimetaka kumwambia mara nyingi. Kila mwaka niliokaa kimya ulinipa jambo jingine la kueleza, kwa nini sikusema mwaka uliotangulia. Ana miaka ishirini na miwili analala karibu na sauti hii. Hospitali nzima inaijua, ndiyo kazi yangu. Dakika moja na nusu yenye ngoma juu yake, labda ingepita. Saba, haziwezi kupita.

Nimekulea na sijawahi kukudai kitu. Nakuomba hiki kimoja. Isitoke. Nataka shemeji yako alisikie hili kutoka kwangu, siku nitakayoweza.

Dada yako

23 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sijui nikuulizie afya kwa mdomo gani. Nimeisoma barua yako nimekaa sakafuni jikoni, na nikikumbuka nilivyokuandikia kuhusu vidole natamani kung'oa mkono wangu.

Nimemwambia Fundi wangu. Usikasirike, bila yeye nisingeweza kitu. Alizima mashine zote, akakaa. Halafu akaniuliza, "Jibu la haraka ni lipi, kuomba ruhusa au kusema uongo?" Nikamwambia uongo. Akawaandikia kampuni kwamba upande wa nne umekuwa mrefu mno. Hilo lina ukweli ndani yake: ukijaza dakika nyingi upande mmoja, mifereji inabanana na sauti inafifia. Akasema ama Simu iondolewe ama nyimbo mbili za mwisho ziondolewe. Kampuni wakachagua kubaki na nyimbo. Kokoto alipiga simu akafoka mpaka akakohoa, lakini kampuni ndiyo yenye kauli.

Tatizo ni kwamba sahani mama yenye Simu ilikuwa imeshapelekwa kiwandani. Fundi wangu amekata nyingine isiyo nayo, ameipeleka mwenyewe mkono kwa mkono, na amewaambia ile ya kwanza waivunje.

Na hata wakikosea, kuna mlango wa mwisho. Kabla ya kuchapa, kiwanda huleta sahani tano za majaribio kwenye majalada meupe. Mtu anasikiliza pande zote nne, kisha anatia saini karatasi ya idhini. Bila saini hiyo hawachapi hata moja. Mtu huyo ni mimi, dada. Nitasikiliza kwa masikio yangu haya.

Mtoto alikuwa anaitwa nani?

Mdogo wako

17 Mei

Dada mpenzi,

Shikamoo, na pumua. Sahani za majaribio zimekuja. Tumezisikiliza. Simu haipo. Karatasi nimeitia saini leo hii na tarishi wa kampuni ameondoka nayo.

Fundi wangu amekatisha kazi ya siku mbili kwa ajili yako bila kunung'unika, na hapo hajakujua hata mwaka. Nimepata mtu, dada. Nilikuwa nadhani wanaume wa hivyo wapo kwenye magazeti ya hadithi tu. Mvua inanyesha, amejifunga taulo yangu ya maua, anaimba vibaya. Lala usingizi.

Mdogo wako

30 Mei

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Sisi tu wazima, na leo nimeandika neno hilo bila kudanganya. Barua yako niliisomea stoo ya hospitali, nimesimama kati ya mashuka. Mkuu wangu alinikuta akasema, "Mama Mapokezi, unalia au unacheka?" Nikamwambia vumbi.

Mwambie mumeo kwamba ana dada sasa, na dada mwenyewe ana maneno mengi, ajiandae. Ile taulo ya maua mnunulie yake.

Nimefanya uamuzi. Nitamwambia shemeji yako. Nimechagua Jumapili ya kwanza ya Agosti, watoto watakuwa kwa bibi yao. Nimeshapata namna ya kuanza. Nitaanza na jinsi mtoto alivyokuwa anacheka akiona kofia, kofia yoyote, hata ya askari. Kifo kitakuja baadaye, akishamjua kidogo. Nimejifunza kulisema hilo nikiwa nafua, mpaka naweza kulifikisha mwisho bila sauti kupasuka.

Umeniuliza jina lake. Nitakuambia, lakini shemeji yako awe wa kwanza. Hiyo ni haki yake.

Njooni mwezi wa tisa. Nitawapisha chumba chetu.

Dada yako

3 Agosti

Dada,

Shikamoo. Sijui kama tayari umeshasikia. Simu hushiki, na shemeji siwezi kumpigia mimi, kwa hiyo naandika kwa haraka na naomba barua hii itangulie.

Santuri zilitoka Jumatatu. Fundi wangu aliletewa nakala yake, akaiweka upande wa nne kwa sababu ndio aliokata mara mbili, alitaka kuusikia. Nilikuwa nakunja nguo. Nikasikia ukisema "Amepoa."

Kiwandani walikuwa na sahani mama mbili za upande wa nne. Hawakuivunja ile ya kwanza. Ndiyo waliyochapa. Kokoto hakuhusika, hakuna aliyekula njama. Mtu alichukua ya juu rafuni.

Lakini sahani za majaribio zilikuwa nayo pia. Hilo ndilo ninalokuandikia.

Siku ile nilianza vizuri. Nilikuwa na daftari, naandika kila mkwaruzo. Upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mvua ilikuwa inanyesha, Fundi wangu akaanza kunichekesha, akanivuta tucheze. Tulikuwa na miezi mitatu ya ndoa. Sahani ya pili ilibaki kwenye mashine, upande wa nne umelalia chini. Baadaye tarishi akagonga mlango, anataka karatasi. Fundi wangu akaniuliza kutoka bafuni, "Wa nne umeusikia?" Nikasema nimeusikia. Alikuwa ameukata upya kwa mikono yake na kuupeleka kwa miguu yake. Nikaona kuugeuza na kuusikiliza ni kama kumkagua mume wangu. Sikutaka kumkagua. Nilitaka siku ile ibaki ilivyo.

Simu ndiyo inayofungua upande huo. Ingenichukua nusu dakika.

Kisha nikakuandikia kwamba haipo.

Fundi wangu amekwenda kampuni kuwaomba wazirudishe. Wamemwonyesha karatasi yenye saini yangu. Zimeshasambaa madukani, na redio zimepewa zao mapema.

Dada, kama Jumapili bado haijafika, mwambie leo. Mwambie sasa hivi.

Mdogo wako

27 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nadhani barua ya kwanza ilipotea, ndiyo maana naandika tena. Kama haikupotea, basi nimekuelewa, lakini niandikie hata mstari mmoja unitukane.

Nimepiga simu hospitali. Sauti nyingine ndiyo iliyokuwa inaita majina. Niliisikia nyuma ya mtu aliyepokea simu.

Hapa tuko salama. Fundi wangu hajanilaumu. Ile karatasi amerudi nayo, ameiweka kwenye droo ya kazini, hakuichana wala hakunionyesha. Tunaongea kwa adabu kama wapangaji wawili. Jana alinipigia hodi mlango wa jikoni yetu wenyewe. Akiwa na kazi mpya anasikiliza peke yake, kwa sikio lake moja, na mimi naosha vyombo taratibu nisimpigie kelele.

Niruhusu nije. Nitakaa nje kama hutaki niingie.

Mdogo wako

30 Septemba

Mdogo wangu,

Barua zako zote nimepata. Hakuna iliyopotea. Ya kwanza ilifika siku ya pili baada ya hiyo Jumapili. Watoto wazima. Mgongo vilevile.

Shemeji yako aliisikia dukani kwake, anampima mteja suruali. Ilikuwa Jumatano. Jumapili yangu ilikuwa imebakiza siku nne. Mtangazaji alieleza kwanza kwamba hii ni simu ya kweli ya mama wa kweli, na kwamba haijawahi kusikika yote. Anasema alinijua kabla sijamaliza neno la kwanza. Nilikuwa na siku ya mapumziko; alirudi nyumbani saa nne asubuhi, utepe wa kupimia bado uko shingoni, akakaa mezani. Hakupiga kelele. Akasema, "Mteja wangu na mimi tumejua kwa wakati mmoja." Kisha akauliza mtoto alikuwa anaitwa nani. Nikamwambia. Akalirudia mara moja, taratibu. Siku hizi analala chumba cha watoto.

Kazini niliomba wanihamishie masjala, kwenye mafaili. Nilikuwa nikiita jina, ukumbi mzima unanyamaza na watu wanainua vichwa. Mwanamke mmoja alikuja mpaka dirishani akaniomba mkono wangu aushike. Alikuwa analia. Hakuwa na nia mbaya. Jina lililofuata sikuweza kuliita.

Sikulaumu kwa kumpenda mumeo. Mrudie, ongea naye, usimwache apige hodi nyumbani kwake. Lakini usije. Na usiniulize kama nimesamehe. Nimelitafuta neno hilo kwa uaminifu, sijalipata.

Shemeji yako ana ombi moja tu. Anataka nimweleze mimi, kwa mdomo wangu, tangu mwanzo. Anasema hataki kuwa mtu aliyeambiwa na redio. Tumekaa mezani mara sita. Nikiianza ile ya kofia haitoki. Nikifungua mdomo yanatoka yaleyale, amepoa, nimemfunika mablanketi mawili, kwa mpangilio uleule, mpaka kwenye vidole. Natafuta mengine, sina. Naye anainamisha kichwa na kungoja, kwa sababu anajua neno linalofuata.

Dada yako